Lubumbashi na stade mpya: nani atamwagilia majani mwaka wa sita?

Wandugu na dada wa promosheni zote, debati ya stade imerudi. Kila mara Mazembe ama Lupopo wanapokaribia mechi kubwa ya Afrika, inarudi sawa mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi: ndani ya taksi, kwa kinyozi, kwenye mlango wa fakilte, hata kwenye kilio. Kambi moja inasema mji wa shaba hauwezi kukaa bila stade mpya ya kisasa, ya viti elfu arobaini ama hamsini. Kambi ingine inajibu: watu wanatafuta bukari, na nyinyi munaongea juu ya viti. Nimesikiliza kambi zote mbili, na naona zote zinapigana juu ya swali la siku ya kukata kamba. Mimi nataka tuongee juu ya siku zinazofuata, kwa sababu pale ndipo stade inaishi ama inakufa.

Tuanze na kile tuko nacho. Stade ya Mazembe iko Kamalondo. Ilifunguliwa 2011, inabeba watu karibu 18,500, ni mali ya timu yenyewe, na uwanja wake ni wa majani ya plastiki, yale tunaita sintetiki. Stade Kibassa Maliba iko komine ya Kenya. Hiyo ni ya zamani, ni ya umma, na wazee wengi bado wanaiita tu "stade ya Kenya". Ni nyumba ya Lupopo, na kwa miaka mingi ilikuwa pia ya Mazembe, timu mbili zilizozaliwa mwaka mmoja, 1939.

Watu wa kambi ya "tujenge" wanasema bila stade kubwa hakuna timu kubwa. Historia ya mji wetu wenyewe inawakatalia. Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2009, ikaichukua tena 2010. Kwenye fainali ya 2010 ilipiga Espérance ya Tunis 5-0 hapa Lubumbashi. Desemba ya mwaka ule ule ikaenda Abu Dhabi, ikapiga Internacional ya Brazili 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, mbele ya kufungwa 3-0 na Inter ya Milano. Hayo yote yalifanyika wakati stade ya Kamalondo haijafunguliwa. Timu ilikuwa inacheza kule Kenya. Kilichobeba timu ni wachezaji waliolipwa kwa wakati, makocha na safari zilizopangwa vizuri. Nyumba mpya ilikuja nyuma ya vikombe.

Sisemi kwamba ile ya Kamalondo haikusaidia kitu. Fainali ya 2015 ilimalizika pale na kombe la tano likabaki mjini. Septemba 2021 timu ya taifa ilipokea Tanzania pale, 1-1, kwenye mechi ya kutafuta Kombe la Dunia. Lakini tuangalie kwa nini stade ile inafanya kazi. Iko na mwenye, mtu anajua nani aitwe kama paa inavuja. Iko na timu ya kucheza ndani tangu siku ya kwanza. Na ukubwa wake unafanana na watu wanaokuja kweli, si na watu tunaowaota. Derby inaijaza, mechi kubwa ya Afrika inaijaza. Mechi ya kawaida ya Linafoot, jumatano saa tisa, kila mtu anajua vile inakuwa.

Sasa vuka Kasumbalesa, ingia Zambia, endelea mpaka Ndola. Ni safari ya kilomita zaidi ya 200, wengi kati yetu tumeifanya kwa ajili ya biashara. Kule kuna Stade Levy Mwanawasa, iliyojengwa na Wachina, ikafunguliwa 2012, karibu viti 50,000. Ni nzuri, sikatai. Timu ya taifa ya Zambia ikicheza, inapendeza kwa macho. Lakini mechi ya kawaida ya ligi haiwezi kujaza viti elfu hamsini katika mji wa ukubwa ule, na kiti kitupu kinaliwa na jua sawasawa na kiti chenye mtu. Kutu haiulizi kama kulikuwa mechi.

Mfano mwingine ni Cape Town. Walijenga stade ya watu 55,000 kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010, kwa rand zaidi ya bilioni 4. Kombe lilidumu mwezi mmoja. Nyuma yake mji ulibaki na matunzo ya kulipa mwaka kwa mwaka, na ilibidi kungoja mpaka 2021 ndipo timu kubwa ya raga ya pale ihamie ndani kabisa. Tunaongea juu ya mji tajiri zaidi kuliko wetu, wenye watalii, wenye wahasibu. Kama wao walitafuta mpangaji kwa miaka kumi, sisi tutamtafuta kwa miaka mingapi?

Kuna hoja ingine inayotugusa sisi vijana wa diplome mkononi: kazi. "Stade ikikuja, vijana watapata kazi." Naielewa hamu hiyo. Tukiwa na lisansi na bila mshahara, neno kazi linatufanya tukubali hesabu bila kuipitia. Basi tuipitie. Kazi za ujenzi zinadumu miaka miwili ama mitatu, kisha zinaisha. Baada ya hapo stade inaishi kwa siku za mechi. Hata timu mbili zikishirikiana uwanja mmoja, na zote mbili zikafika mbali kwenye mashindano ya Afrika, ni vigumu kupita mechi 40 za nyumbani kwa mwaka. Siku 325 zinazobaki, mama wa maji baridi na kijana wa parkingi wanauza wapi?

Kisha kuna pesa yenyewe. Wachumi wawili wa Marekani, Roger Noll na Andrew Zimbalist, walitoa kitabu 1997 juu ya stade za kule kwao, zile zinazojengwa kwa pesa ya umma. Walichokuta ni kwamba faida iliyoahidiwa kwa miji haikuonekana. Sababu yake tunaijua bila kusoma uchumi: mfuko wa mtu ni ule ule. Franka elfu kumi ambayo baba anaacha kwenye stade jumapili ni franka ambayo hakuiacha kwenye nganda ya kartiye yake ama kwa fundi nguo. Pesa imehama mtaa, haijaongezeka. Inaongezeka tu kama watu wanatoka Likasi, Kolwezi ama Zambia, wanalala hapa, wanakula hapa. Mechi za namna hiyo ni ngapi kwa mwaka? Zihesabu kwa vidole.

Nimekosoa kambi ya kwanza. Ya pili nayo isifurahi mapema.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa agronomia, marafiki wanangojea niseme: mashamba kwanza, stade baadaye. Sitasema hivyo, maana hoja ile ni ya uvivu. Bei ya unga hapa inapanda kwa sababu tunakula mahindi mengi ya Zambia, na mpaka ukifungwa tunalia. Kwa sababu barabara za mashamba ni mbaya. Kwa sababu mbegu nzuri na mbolea vinafika nyuma ya mvua. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayopona eti kwa kuwa tulikataa stade. Pesa isiyokwenda kwenye stade haiendi yenyewe kwenye mahindi. Mara nyingi inakwenda kwenye jeep. Na kwa logiki ya "bukari kwanza" tusingejenga hata bibliotheki, hata ukumbi wa tiatri, maana tumbo halijawahi kusema limeshiba. Mpira ni pahali pachache ambapo mtu wa Katuba na mtu wa kartiye Golf wanakaa pamoja na kupiga kelele moja. Kitu hicho kiko na thamani. Nikikataa stade mpya, sikatai kwa sababu mpira ni mchezo wa watoto.

Nakataa kwa sababu ya majani. Hapa naomba mnivumilie, naingia kwenye kozi yangu.

Uwanja wa mechi za kimataifa ni metre 105 kwa 68. Ni metre kare 7,140. Katika kiangazi chetu, kutoka mwezi wa tano mpaka wa kumi, majani unayotaka yabaki ya kijani yanapoteza kama milimita 5 za maji kwa siku. Mwezi wa sita kwenye baridi ni chini kidogo, mwezi wa tisa kwenye joto na upepo ni juu. Milimita moja kwenye metre kare moja ni lita moja. Basi 5 mara 7,140 ni lita 35,700. Kwa lugha ya nyumbani, ni bidoni 1,785 za lita 20. Kila siku. Weka siku 150 bila mvua, unapita lita milioni 5, ndani ya mji ambamo dada zetu wanaamka saa kumi ya usiku kutafuta robineti inayotoa.

Halafu mvua zinakuja. Lubumbashi inapata karibu milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Juu ya uwanja ule ule, ni lita milioni 8 na nusu zinazoanguka. Udongo wetu mwekundu ukikanyagwa na ukishindiliwa na mashine, unafunga. Maji yanasimama juu, mpira unakwama, mchezaji anavunja goti. Kwa hiyo chini ya majani lazima uweke mchanga, changarawe na mabomba yenye matundu, na mabomba yale lazima mtu ayasafishe, la sivyo yanazibwa na udongo laini. Nusu ya mwaka unafukuza maji, nusu ingine unayatafuta. Mtu wa akili angekusanya maji ya paa na ya uwanja, ayaweke kwa ajili ya kiangazi. Lakini kuweka lita milioni 5 ni bwawa la metre 50 kwa 50, lenye kina cha metre 2. Je, mumeshaona bwawa hilo kwenye michoro mizuri ya stade inayozunguka kwenye simu zetu? Mimi naona taa, naona viti vya rangi, naona magari yamepangwa. Bwawa sijaliona, na mtu wa kulilinda sijamuona.

Mtu atanijibu: "Yaya, weka tu sintetiki, mambo kwisha." Hayakwishi. Sintetiki hainywi sana, ni kweli, lakini inataka kupigwa brashi, kuongezewa punje za mpira, kusafishwa, na kisha ya miaka kama 8 mpaka 10 inang'olewa na kununuliwa upya, kwa dola, kutoka nje. Cheti cha juu cha FIFA kwa majani hayo kinadumu mwaka 1 tu. Kile cha chini yake miaka 3. Maana yake hata FIFA inajua kwamba uwanja ni kitu kinachochakaa, na kwamba lazima mtu arudi kupima.

Ndiyo maana naongea juu ya mwaka wa sita. Mwaka wa kwanza kila kitu kinang'aa, wakubwa wanapiga picha. Mwaka wa pili na wa tatu, kampuni iliyojenga bado iko na garanti. Mwaka wa sita, gavana ni mwingine, pompe imekufa, nusu ya taa haziwaki, na mlinzi wa funguo hajaona mshahara miezi mine. Mwaka ule hakuna kamba ya kukata. Kujenga kunaleta jina. Kutunza hakuleti jina. Ukienda kwenye majengo mengi ya umma ya nchi yetu, utasoma kitu hicho kwenye kuta bila mtu kukuelezea.

Na pesa ingetoka wapi? Kwenye madini, wapi pengine. Kodi ya madini tangu kanuni ya 2018 inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa maeneo ambako machimbo yapo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo jimbo la Haut-Katanga linapata pesa ya kweli, siwezi kudanganya eti hakuna kitu. Lakini shaba ukiisha kuichimba haioti tena. Ni pesa inayokuja mara moja. Stade ni kinyume chake: ni mdomo unaokula kila mwaka, kama kuna mechi ama hakuna. Kuchukua pesa inayokwisha na kununua gharama isiyokwisha, hiyo kwenye shamba tungeiita kula mbegu.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linahusu watu wenyewe. Stade des Martyrs ya Kinshasa ilifunguliwa 1994, inabeba watu 80,000. Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye tamasha la Fally Ipupa, watu 11 walikufa pale. Julai 2024 wengine wakafa tena katika msongamano, kwenye tamasha la muziki wa injili. Hawakuwa watu wa fujo. Walikwenda kuimba. Hatari haikutoka kwenye kukosa viti, ilitoka kwenye watu wengi kupita kipimo na namna ya kuwaingiza na kuwatoa. Nikisikia vijana wanabishana kama stade yetu itakuwa ya watu 40,000 ama 50,000, nangojea mmoja aulize milango itakuwa mingapi, itafunguka kwa nje ama kwa ndani, na ambulansi itapita wapi kama barabara imejaa. Sijasikia bado.

Basi mimi nataka nini? Nasema wazi: hapana kwa stade mpya kubwa ya pesa ya umma, leo. Ndiyo kwa vitu viwili.

Cha kwanza ni kuitunza Kibassa Maliba kama mali ya wote: mstari wake ndani ya bajeti ya jimbo, unaosomwa mbele ya watu kila mwaka, wenye mshahara wa fundi wa maji, fundi wa umeme na watunza uwanja. Na sehemu ya tiketi ibaki pale pale kwa matunzo, iandikwe kwenye mkataba na timu zinazocheza.

Cha pili ni viwanja vya komine. Lubumbashi iko na komine saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Viwanja ambako watoto wanachezea vinakatwa parseli kimyakimya, leo goli, kesho msingi wa nyumba. Nataka kila komine iwe na uwanja mmoja wenye hati, uliosawazishwa na mteremko mdogo wa kutoa maji, wenye mfereji pembeni, foraji moja na uzio. Majani hayana haja ya kutoka Ulaya. Lile jani linalotambaa pembeni ya barabara zetu, tulilolisoma kwa jina la Cynodon dactylon, ndilo linatumika kwenye viwanja vingi vya joto duniani. Unalikata vipande, unavipanda Novemba mvua zikishika, na kabla mvua hazijaisha limefunga udongo. Kiangazi likikosa maji linakauka juu, linakuwa la manjano, lakini mizizi inabaki hai na mvua ikirudi linaota tena. Uwanja wa namna hiyo unasamehe serikali iliyosahau miezi miwili. Stade ya kimataifa haisamehi.

Na foraji ya uwanja inaweza kuuzia kartiye maji asubuhi kwa bei ndogo, pesa ile ikalipa watunza uwanja wawili ama watatu. Kwa komine saba ni kama watu ishirini. Najua, mtu atacheka: ishirini tu! Lakini ni ishirini kwa mwezi wa saba kama kwa mwezi wa kwanza, derby ikiwepo ama isiwepo. Na mchezaji wa Mazembe ama wa Lupopo wa mwaka 2040, leo iko na miaka mitano ama sita, anachezea vumbi na mawe. Yeye hana haja ya viti elfu hamsini.

Naweza kubadilisha mawazo? Ndiyo. Mtu aje na karatasi tatu. Ya kwanza ioneshe nani analipa matunzo kwa miaka 15, na pesa iko wapi. Ya pili, mikataba iliyotiwa sahihi na timu zitakazocheza ndani. Ya tatu, plani ya maji, ya umeme na ya milango. Akizileta, nitanunua tiketi ya kwanza na nitakaa upande wa jua. Akileta mchoro tu, nitaupenda kama mchoro.

Sasa ni zamu yenu. Wale wa polytech, niambieni kama bwawa langu nimelihesabu vibaya. Wale wa sheria, nani kwa kweli ni mwenye viwanja vya kartiye zetu, na hati zinapatikana kwa ofisi gani? Wale wa uchumi, mkiwa na hesabu za kweli za tiketi za msimu mmoja, zileteni hapa tuziangalie pamoja. Na wale wa Lupopo na wa Mazembe, kwa siku moja tu, tubishane juu ya kitu kingine kuliko nani alimfunga nani.